Upungufu wa vitamini D: unaumiza mwili mzima, au tunausingizia?

#1 Mfinyanzi

Wakuu, habari za wakati huu. Naleta dai ambalo niko tayari kupingwa. Kila ninapofungua makala ya afya nakuta upungufu wa vitamini D umetajwa kuwa chanzo cha jambo fulani: maumivu ya mifupa, uchovu, sonona, kisukari, maradhi ya moyo, saratani, mafua ya mara kwa mara, hata kunyonyoka nywele. Kwa mtazamo wangu, kinachotuhumiwa kwa kila kosa ama kina nguvu kuliko tulivyofundishwa shuleni, ama kinasingiziwa. Sababu ya kuuliza ninayo: kipimo changu kilisomeka nanogramu 14 kwa mililita, vipimo vingine vya kawaida vikawa sawa, na daktari akasema uchovu wangu pamoja na maumivu ya mapaja vimetokana na hapo. Je, ni lipi lililothibitishwa kuhusu upungufu huu, na ni lipi la kudhaniwa tu?

#2 Mwalimu Mstaafu

Tuanze na lisilobishaniwa. Kwa watu wengi, sehemu kubwa ya vitamini D haitoki kwenye chakula bali hutengenezwa kwenye ngozi, pale mionzi ya jua ya urujuanimno ya aina ya B inapoipiga aina fulani ya kolesteroli iliyomo humo. Kisha ini huigeuza kuwa umbo la akiba linalozunguka kwenye damu, na figo hulikamilisha umbo hilo likawa homoni yenyewe, inayoitwa kalsitrioli. Kazi yake kuu ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu na fosforasi. Homoni hiyo ikikosekana, utumbo hufyonza takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyomo kwenye chakula. Ikiwapo ya kutosha, ufyonzaji hufikia asilimia 30 hadi 40.

Damu haivumilii kupungukiwa na kalsiamu, kwa kuwa moyo, neva na misuli huitegemea wakati wote. Kwa hiyo tezi ndogo za parathiroidi, zilizo nyuma ya tezi ya shingo, hutoa homoni inayoinyang'anya mifupa kalsiamu ili kuipatia damu, na wakati huohuo huziamuru figo zitupe fosforasi kwenye mkojo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na upungufu mkubwa huku kalsiamu ya damu yake ikisomeka sawasawa kabisa. Aliyelipa ni mfupa. Kwa mtoto anayekua, mfupa mpya hubaki laini na kupinda kwa uzito wa mwili, nayo ndiyo matege ya lishe. Kwa mtu mzima, ambaye mifupa yake hairefuki tena lakini hujengwa upya maisha yake yote, mfupa mpya hubaki bila ya kujazwa madini, na hali hiyo huitwa osteomalesia.

#3 Fundi wa Viungo

Shikamoo Mwalimu. Naongezea kutoka kwenye chumba cha tiba ya viungo, ambako watu hawa hufika kabla ya mtu yeyote kuwaza habari za vitamini. Mwenye osteomalesia utamtambua anapoinuka kwenye kiti. Husogea kwanza hadi ukingoni, huweka viganja juu ya mapaja, kisha hujisukuma kwa mikono kwa sababu misuli ya nyonga haimnyanyui tena, na akianza kutembea huyumba kushoto na kulia. Ukiubonyeza kwa kidole gumba mfupa wa mbele ya mguu, chini ya goti, hushtuka kwa maumivu ambayo mtu mzima wa afya hayapati kwa kubonyezwa namna hiyo. Maumivu yake hayana mahali pamoja: leo mbavu, kesho kiuno, keshokutwa mapaja. Wengi huwa wameshaambiwa kwamba wana baridi yabisi, au kwamba ni uzee, au kwamba wanajidekeza.

Jambo la pili ni kwamba msichanganye osteomalesia na osteoporosisi. Katika osteoporosisi mfupa uliopo ni mzuri lakini ni mchache; katika osteomalesia mfupa upo ila haukukomaa. Ya kwanza haiumi hadi mfupa uvunjike, ya pili huuma kila siku.

Mfinyanzi, je, unapanda ngazi kwa kushika ukuta?

#4 Sikubali

Maelezo mazuri, lakini angalieni mnavyotoka kwenye ugonjwa halisi na kuingia kwenye namba 14 bila ya kupita popote. Osteomalesia ya kweli huonekana zaidi kwa watu walio chini kabisa, mara nyingi chini ya 10, tena kwa muda mrefu. Mwaka 2010 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipitia ushahidi wote na kusema kwamba 20 inatosha karibu watu wote, yaani asilimia 97.5, na kwamba hatari ya upungufu inaanzia chini ya 12. Kwa hesabu za jopo hilohilo, nusu ya watu mahitaji yao hutimizwa wakiwa kwenye 16. Mwaka uliofuata Chama cha Endokrinolojia, yaani cha wataalamu wa homoni, cha nchi hiyohiyo kikapandisha kiwango cha kuridhisha hadi 30, na watu waliolala wazima wakaamka wagonjwa. Halafu mwaka 2024 chama hichohicho kikaacha kuitetea 30, tena kikapendekeza watu wazima wenye afya wasipimwe hovyo. Mstari mwekundu kwenye karatasi ya maabara si ugonjwa. Ni uamuzi wa kamati.

#5 Maabara ya Usiku

Sikubali ameanza kuhudhuria mapema leo. Kwa upande wa kipimo chenyewe, kuna mambo ambayo wagonjwa hawaambiwi.

Kinachopimwa ni umbo la akiba linalotoka kwenye ini, si homoni kamili ya figo. Wapo wanaoomba kupimwa kalsitrioli wakidhani kwamba ndiyo sahihi zaidi, kumbe katika upungufu homoni ya parathiroidi huzichochea figo, na kalsitrioli inaweza kusomeka ya kawaida au hata ya juu. Umbo la akiba hudumu kwenye damu kwa wiki kadhaa. Kalsitrioli hudumu kwa saa chache tu.

Kuna pia suala la vipimio. Maabara nyingine huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na nanogramu 1 ni sawa na nanomoli 2.5. Kwa hiyo 14 ya Mfinyanzi ni 35 kwa upande wa pili. Nimeshuhudia mtu akishangilia kwamba ametoka 18 hadi 40 baada ya kumeza vidonge, ilhali alibadilisha maabara na hakuwa amesogea hata hatua moja. Hata mashine za aina tofauti hutoa majibu yanayopishana kwa damu ileile, jambo ambalo kwa mtu aliye 19 au 21 linatosha kumtoa kwenye kundi moja na kumweka kwenye jingine.

Ningekuwa mimi, ningeiangalia 14 hiyo pamoja na kalsiamu, fosforasi, fosfatesi alkali (kimeng'enya kinachohusika na ujenzi wa mifupa) na homoni ya parathiroidi. Zikiwa zote tulivu, mifupa haijalalamika bado.

#6 Mama Pacha

Mnabishana kuhusu kamati. Mimi naleta mtoto. Wanangu mapacha walizaliwa kabla ya wakati, nikawanyonyesha maziwa yangu matupu kama nilivyoshauriwa, na tulikaa ndani sana kwa sababu walikuwa wadogo. Mmoja alikawia kuota meno, utosi wake ukabaki wazi muda mrefu, na vifundo vyake vya mikono, pale kiganja kinapoanzia, vikawa vinene kama vimevimba. Kila nilipouliza niliambiwa kwamba watoto hawalingani. Hakuna aliyeshtuka hadi siku alipopata degedege bila ya homa, na hapo ndipo kalsiamu yake ilipopimwa na kukutwa iko chini sana. Alipewa kalsiamu na vitamini D, leo anakimbia kumshinda mwenzake. Kituo tulichokuwa tukihudhuria sikitaji, lakini mpaka leo najiuliza kwa nini hakuna aliyenieleza kuhusu matone ya vitamini D tangu mwanzo.

#7 Mwalimu Mstaafu

Pole, Mama Pacha. Kwa faida ya wengine: maziwa ya mama ni bora karibu kwa kila kitu, lakini kwa kawaida yana vitamini D kidogo mno, chini ya yuniti 100 kwa lita, wakati mtoto mchanga anahitaji takriban yuniti 400 kwa siku. Akiba anayozaliwa nayo hutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma. Mama mwenye upungufu humzaa mtoto mwenye upungufu, na aliyezaliwa kabla ya wakati akiba yake ni ndogo zaidi. Katika umri huo mwili unakua kwa kasi, hivyo kalsiamu inaweza kushuka ghafla na kuleta degedege, na kwa watoto wachache hata kudhoofisha misuli ya moyo, kabla miguu haijapata nafasi ya kupinda.

#8 Kipimajoto

Niweke sahihisho dogo kabla wazazi hawajakimbilia dukani. Si kila mguu uliopinda ni matege ya vitamini D. Watoto wengi huwa na miguu ya upinde hadi karibu miaka 2, kisha hunyooka, na baadaye magoti hugusana kwa muda kabla ya kutulia. Hiyo ni hali ya kawaida. Vilevile yapo matege yanayotokana na uhaba wa kalsiamu kwenye chakula ingawa jua lipo: utafiti uliofanywa kwa watoto wa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, iliponya vizuri kuliko vitamini D peke yake. Yapo pia ya kurithi, ambamo figo humwaga fosforasi ovyo, na hayo vidonge vya kawaida vya vitamini D haviyatibu. Matege ni dalili yenye milango zaidi ya mmoja.

#9 Asubuhi Njema

Naona mnazunguka mbuyu. Jua ni la bure. Kaeni karibu na dirisha dakika kumi kila asubuhi, msahau habari za vidonge.

#10 Maabara ya Usiku

Asubuhi Njema, kwa dirisha lililofungwa utapata joto na mwanga wa kusomea, vitamini D hutapata. Kioo cha kawaida huizuia karibu mionzi yote ya aina ya B. Na asubuhi mapema ndio wakati mbaya zaidi, kwa kuwa jua likiwa chini mionzi hiyo hupita kwenye tabaka nene la hewa na kunyonywa humo. Kanuni rahisi ni kutazama kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haitengenezi kitu cha maana. Katika mji wa Boston, ulioko nyuzi 42 kaskazini, watafiti walionyesha mwaka 1988 kwamba kuanzia Novemba hadi Februari jua halitengenezi vitamini D kwenye ngozi hata mtu akisimama nje mchana kutwa.

#11 Asubuhi Njema

Basi tufungue dirisha.

#12 Kipimajoto

Fungua, lakini hesabu haiishii hapo. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani rangi ya ngozi, inayoimeza mionzi hiyo, kwa hiyo huhitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza kiasi kilekile. Ngozi ya mzee hutengeneza chini ya nusu ya ile ya kijana. Anayejifunika mwili mzima, anayefanya kazi ndani au zamu za usiku, na aliyelazwa kitandani wote wamo hatarini hata jua likiwa la kutosha nje. Mtu mnene anaweza kutengeneza vizuri tu, ila vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta, ikatawanyika humo na kuonekana chache kwenye damu; ndiyo maana dozi yake mara nyingi huwa mara 2 hadi 3 ya dozi ya mwembamba. Na mwenye ugonjwa wa utumbo unaozuia kufyonza mafuta anaweza kumeza na bado asipate.

#13 Mtafiti Mvivu

Nirudi kwenye swali la Mfinyanzi, kwa sababu hadi sasa tumejibu nusu ya kwanza tu. Habari za mifupa zina historia imara. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwamulika watoto wenye matege kwa taa ya urujuanimno, na alipomulika mkono mmoja tu, mkono wa pili nao ukapona, ishara kwamba kuna kitu kilichosafiri kwenye damu. Mwaka huohuo Edward Mellanby aliwapa matege mbwa kwa kuwafungia ndani na kuwalisha shayiri, kisha akawaponya kwa mafuta ya ini la samaki. Elmer McCollum akathibitisha mwaka 1922 kwamba kinachoponya si vitamini A iliyomo kwenye mafuta hayo. Chanzo, njia na tiba vyote vilionekana.

Kwa moyo, saratani, kisukari na sonona hakuna mlolongo wa namna hiyo. Kilichopo ni kwamba wagonjwa wengi hukutwa na viwango vya chini. Lakini mgonjwa hutoka nje mara chache, hula vibaya, huenda amenenepa, na uvimbe wowote mwilini, hata upasuaji, hukishusha kipimo chenyewe. Kiwango cha chini kinaweza kuwa matokeo ya ugonjwa badala ya kuwa chanzo. Jaribio kubwa la Marekani linaloitwa VITAL lilichukua watu 25,871, nusu yao wakapewa yuniti 2000 kila siku, na baada ya zaidi ya miaka 5 hapakuwa na tofauti ya maana katika kupata saratani wala mshtuko wa moyo na kiharusi. Sonona haikuzuilika. Hata mivunjiko ya mifupa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, haikupungua. Jaribio jingine la mwaka 2019 liliwapa yuniti 4000 kwa siku watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, na halikuonyesha kinga ya uhakika.

#14 Mvukuto

Mtafiti, hizo namba nazifahamu, na zina tundu ambalo huwa halisemwi. Washiriki wa VITAL walianza wakiwa na wastani wa takriban 31. Ukimpa maji mtu asiye na kiu kisha ukaripoti kwamba maji hayasaidii, umepima nini? Vipokezi vya homoni hii vimo kwenye seli za kinga, kongosho, misuli, ubongo na ngozi, na seli za kinga zina uwezo wa kuikamilisha zenyewe bila ya kusubiri figo, kisha kuitumia kutengeneza protini zinazoua vijidudu. Mwili haungeweka vifaa hivyo kila mahali kwa ajili ya mfupa tu. Tena katika VITAL hiyohiyo, magonjwa ambamo kinga huushambulia mwili wenyewe yalipungua kwa asilimia 22 kwa waliopewa vitamini D. Na uchambuzi wa mwaka 2017 uliounganisha majaribio 25 ulikuta maambukizi ya njia ya hewa yakipungua, hasa kwa waliokuwa na upungufu mkubwa na waliopewa dozi ndogondogo za kila siku au kila wiki.

#15 Mtafiti Mvivu

Hoja ya kiu ni nzuri, na ndiyo maana jaribio la Mongolia lina uzito. Watoto 8,851 wa shule, zaidi ya asilimia 95 kati yao wakiwa chini ya 20, walipewa vitamini D au kidonge kisicho na dawa kila wiki kwa miaka 3. Viwango vya damu vilipanda vizuri, lakini maambukizi ya kifua kikuu hayakupungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hao walikuwa na kiu, na maji walipewa. Na ule uchambuzi wa 2017 umekwisha kurudiwa ukiwa na majaribio mengi zaidi, na kinga ile ya njia ya hewa ikanywea hadi ikawa vigumu kuitofautisha na bahati.

#16 Mvukuto

Kifua kikuu ni ugonjwa mmoja. Asilimia 22 hujaigusa.

#17 Sikubali

Ataigusa vipi na jina lake ni Mvivu?

#18 Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu, lakini hapa naomba niseme kabla mtu hajaondoka na wazo kwamba dozi kubwa haina hasara. Mjomba wangu alisoma mahali kwamba vitamini D huponya kila kitu, akawa anameza yuniti makumi ya maelfu kila siku kwa miezi mingi. Alianza kwa kukosa hamu ya kula na kufunga choo, kikafuata kiu kikali na kukojoa usiku kucha, kisha akaanza kusahau majina yetu. Sisi tulidhani ni sukari au ni uzee. Kalsiamu yake ilikuwa juu kupita kiasi na figo zimeanza kuchoka. Walimwekea maji ya mishipa, wakasimamisha vidonge, lakini ilichukua muda mrefu kutulia kwa sababu akiba ilikuwa imejaa kwenye mafuta ya mwili.

#19 Mwalimu Mstaafu

Asante kwa kuvunja ukimya, maana hili lina uzito. Jua halimsumishi mtu kwa vitamini D, kwa kuwa ngozi ikizidiwa huibomoa ziada na kuigeuza kuwa vitu visivyo na nguvu hiyo, ingawa kuungua na saratani ya ngozi ni mambo mengine. Kidonge hakina breki. Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni yuniti 600 kwa siku, 800 kwa aliyepita miaka 70, na ukomo wa kumeza bila ya usimamizi wa daktari umewekwa kwenye 4000. Dozi moja kubwa nayo ina mtego wake: mwaka 2010 huko Australia wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa.

#20 Mfinyanzi

Nashukuru nyote. Fundi, ndiyo, ngazi napanda kwa kushika ukuta, na sikuwa nimelitambua hilo hadi uliponiuliza. Nimefuata ushauri wa Maabara: kalsiamu, fosforasi na fosfatesi alkali ni za kawaida, homoni ya parathiroidi imepanda kidogo juu ya mpaka. Tangu nianze vidonge, mapaja yamepata nafuu inayoonekana, ila uchovu uko palepale kama nilivyoukuta.

#21 Fundi wa Viungo

Hilo linalingana na ninachokiona. Misuli ya nyonga na mapaja ndiyo hulalamika kwanza na ndiyo hupona kwanza. Parathiroidi iliyopanda ni ushahidi kwamba mwili wako ulikwisha kuihisi hiyo 14.

#22 Sikubali

Au ni ushahidi kwamba unakula kalsiamu kidogo, au figo zimechoka kidogo, au magnesiamu iko chini, kwa kuwa yote hayo yanahusiana na homoni hiyo. Na mtu akiambiwa hatimaye kwamba ugonjwa wake una jina, hupata nafuu hata kabla ya dawa. Je, uliwahi kupimwa akiba ya madini ya chuma? Uchovu wa aina hiyo mara nyingi hutokea huko, hata wingi wa damu ukiwa sawa.

#23 Zamu ya Pili

Naomba kuuliza swali linalokaribiana na hili. Natumia fenitoini kwa ajili ya kifafa kwa miaka mingi, nashinda juani kwa kazi yangu, na bado kipimo changu hakipandi. Huwa napewa dozi ileile ya wengine.

#24 Kipimajoto

Zamu ya Pili, dawa yako inahusika. Fenitoini, fenobabitali na kabamazepini, pamoja na rifampisini ya kifua kikuu, huvichangamsha vimeng'enya vya ini, navyo huibomoa vitamini D haraka kuliko kawaida. Usiache dawa ya kifafa hata siku moja kwa ajili ya hili. Mwambie daktari wako apime pia kalsiamu na parathiroidi, kwani watu wa kundi lako mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya kawaida, na kalsiamu ikishuka sana yenyewe huweza kuleta degedege ambalo litadhaniwa kuwa ni kifafa kimekataa dawa.

#25 Mtafiti Mvivu

Kuna fumbo ambalo Kipimajoto aliligusa kwenye #12 akapita. Wamarekani weusi wana viwango vya chini kuliko weupe, na homoni yao ya parathiroidi iko juu zaidi. Kwa hesabu ya Mwalimu ya #2 mifupa yao ingepaswa kuwa dhaifu. Kumbe ni mizito zaidi, na huvunjika mara chache zaidi. Mwaka 2013 walitokea watafiti waliosema kwamba watu hawa wana kiasi kidogo cha protini inayoibeba vitamini D kwenye damu, hivyo sehemu iliyo huru, ambayo ndiyo hufanya kazi, inalingana na ya wengine.

#26 Maabara ya Usiku

Maelezo hayo yalikumbana na tatizo la kipimo. Kingamwili iliyotumika kuipima protini hiyo ilikuwa haiitambui vizuri aina yake moja, ambayo imeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Walipopima kwa njia nyingine, tofauti ya protini karibu ikatoweka, na sehemu iliyo huru ikaonekana kuwa chini vilevile.

#27 Fundi wa Viungo

Ndiyo maana wengine husema siri imo kwenye mfupa wenyewe, kwamba hauitikii haraka amri ya parathiroidi, na kwamba figo zao huibakiza kalsiamu vizuri zaidi. Kwa maelezo hayo, namba ya chini ni ya kweli, ila madhara yake hupunguzwa njiani.

#28 Mvukuto

Hupunguzwa kwenye mfupa. Hakuna aliyeonyesha kwamba hupunguzwa pia kwenye seli za kinga. Mtu anaweza kuwa na mfupa mzito na bado akawa na upungufu mahali ambapo picha ya eksirei haifiki.

#29 Sikubali

Na hakuna aliyeonyesha kwamba hayapunguzwi. Kama mifupa ya makundi mawili haikubaliani na namba moja, basi kabla ya kuhesabu nusu ya dunia kuwa ina upungufu, nataka kujua hiyo 20 ilipatikana kwa kuwapima akina nani.

#30 Maabara ya Usiku

Karatasi zetu zina mstari mmoja kwa watu wote. Ninachokifanya, pale daktari aliyeomba kipimo anapokubali, ni kuandika chini ya jibu umri, dawa anazotumia mgonjwa, na kama alikuwa na homa au ametoka kwenye upasuaji siku za karibuni, kisha napendekeza kipimo kirudiwe baada ya miezi 3, katika maabara ileile. Mara nyingi maandishi hayo hukatwa na mashine kwa kuwa nafasi haitoshi.